Mfupi wa Mlima Aliyetaka Kuwa Mjuzi

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya majani mabichi yaliyotandikwa sakafuni. Kwetu Muleba, upande wa juu, nyumba ya heshima haikuwa na saruji wala mkeka. Ilikuwa na majani. Yanakatwa mbugani, yanafungwa mzigo, yanabebwa kichwani, kisha yanatandazwa kwa mkono mpaka chini ya kitanda. Siku za kawaida tulibadilisha kila Jumamosi ili Jumapili watu wakitoka kanisani wapate pa kukaa. Nyumba iliyofiwa hubadilisha siku hiyohiyo kwa ajili ya wageni. Sasa miaka ile baada ya vita na Uganda, ugonjwa ulipoingia, majani hayakupata nafasi ya kukauka. Ukipita njiani siku ya Jumanne ukasikia harufu yake, ulijua hapo mtu ameondoka. Huulizi. Unapunguza sauti, unapita. Mpaka leo watu wa manispaa wakifyeka nyasi kando ya barabara hapa Miembeni, Bukoba mjini, mimi nafunga dirisha langu.

Juu ya majani hayo ndipo nilipocheza mchezo ambao nikiusimulia watu hunicheka, wanadhani nimeutoa kwenye televisheni. Aliyetuletea ni baba mdogo, Nathanaeli, tuliyemwita Nathani. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi Eunike, na yeye ndiye aliyebaki na kibanja cha wazazi, migomba na kahawa iliyopandwa na babu, na nyumba katikati yake. Alisoma uhandisi Kanada. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno ya kusoma, tunaitwa manshomile, na kama kuna mtu aliyestahili jina hilo ni yeye. Alirudi akafanya kazi Bukoba mjini, akiwa na viatu vya kamba na redio ya kaseti, kisha siku moja akashushwa na Landrova ya ofisi mbele ya nyumba yetu akiwa amekonda hadi saa ya mkononi imepanda karibu na kiwiko. Dereva alishusha masanduku mawili na boksi moja la karatasi ngumu. Hakunywa hata maji tuliyompa. Watu walikuwa wanaogopa vikombe vyetu wakati huo.

Mimi na mdogo wangu Adela tulikuwa pale kabla yake. Baba yetu alikuwa mchuuzi wa samaki kisiwani Bumbire, hakuwa na kibanja chake, alikuwa na kambi na mtumbwi wa kukodi. Alikufa kwa ugonjwa huo, mama akamfuata, na sisi tukapandishwa mlimani kwa Bibi tukiwa na blanketi moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Adela sita. Nathani alipoletwa, Bibi alinitoa shule, darasa la tano, nimsaidie kumgeuza kitandani, kufua shuka na kumlisha uji. Simlaumu Bibi. Mikono yake ilikuwa imepinda, na watu wa kumsaidia walikuwepo lakini walikuwa wanakuja hadi mlangoni tu. Mkubwa wa watoto wake, Kaijage, tuliyemwita Ta kwa heshima, alikaa kibanja cha jirani, hatua mia moja, na salamu zake alizituma kwa mdomo wa mwanawe Yusto.

Yusto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye aliingia ndani. Hilo nitampa, maana sitaki kusema uongo hata kwa mtu niliyemchukia. Aliingia, akakaa kwenye majani na kuuliza kuna nini kwenye lile boksi. Nathani akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, akaniambia nilifungue. Ndani kulikuwa na vitabu viwili vinavyonuka ukungu, vilivyochorwa mapango na majoka, na mfuko wa dadu. Si dadu za nyuso sita kama za walevi wa sokoni. Moja ilikuwa na nyuso nane, nyingine kumi na mbili, nyingine ishirini, kama punje ya kito. Adela aliitia mdomoni palepale, akadhani ni peremende.

Ulichezwa hivi. Mmoja ndiye msimuliaji, anakuambia umefika wapi na nini kiko mbele yako. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi. Unasema mtu wako anafanya nini, unatupa dadu, na dadu inaamua kama ameweza. Huko Kanada, Nathani alisema, theluji ilipofunga milango alicheza na wanafunzi aliopanga nao nyumba moja, tangu Ijumaa hadi Jumapili. Sasa msimuliaji alikuwa yeye, amelala ubavu ameegemea mito miwili, na sisi watatu chini. Vinyago hatukuwa navyo, tulitumia buni za kahawa. Tulicheza mchana, mvua za masika zikipiga bati, baada ya mimi kumaliza kufua. Karatasi nazo zilikuwa shida miaka ile, duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti basi. Kila kitu tuliandika kwenye daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, alilokuja nalo kutoka ofisini.

Kwanza unachagua kabila la mtu wako, halafu kazi yake. Nathani alitafsiri kwa namna yake. Kulikuwa na Warefu wa Msitu, wenye masikio yaliyochongoka, wanaoishi miaka mia tano. Kulikuwa na Wafupi wa Mlima, wenye ndevu, wachimba mawe. Kulikuwa na Majitu, na Wanadamu kama sisi. Kazi zilikuwa mpiganaji, mwizi, mganga, na mjuzi, yaani yule anayesoma vitabu vya siri na kutamka maneno yenye nguvu. Kwenye kitabu kulikuwa na jedwali, makabila yamepangwa upande, kazi zimepangwa juu. Palipo na alama ya vema, ruhusa. Palipo na kistari, hapana. Wafupi wa Mlima walikuwa na vema kwenye upiganaji na wizi. Kwenye ujuzi, kistari.

Jambo hilo halikunishangaza sana. Kwetu nako, zamani za wafalme, kila ukoo ulikuwa na kazi yake ikulu. Hawa wahunzi, hawa wapiga ngoma, hawa wachunga ng'ombe, na mtu hakuruka safu yake. Nililolitaka ni sababu. Nikauliza, "Baba mdogo, kwa nini Mfupi hawezi kuwa mjuzi? Hana macho?"

"Anayo."

"Sasa?"

Nathani alilitazama lile jedwali kama analiona mara ya kwanza. "Walioandika hawakuwahi kumwona mmoja," akasema. "Hata mimi huko, nikiingia darasani na rula yangu, walinitazama kama nimekosea mlango."

Basi nikachagua pale penye kistari. Mfupi wa Mlima, mjuzi. Yusto alikuwa amechagua Mrefu wa Msitu, mpiganaji, ambaye kitabu kizima kilimsifu, na akaona nimeharibu mchezo.

"Huyo Mfupi wako akitaka kusoma kitabu mezani atapanda kigoda," akaniambia.

"Na Mrefu wako akiingia humu kwa Bibi atainama kama baba yako."

"Baba yangu hainami, anaishia nje," Yusto akasema, na sote tukacheka, hata yeye. Kilikuwa kicheko kibaya lakini kilikuwa chetu.

Adela ndiye aliyetushinda. Alitaka Jitu. Na Jitu lake alitaka liwe mganga. Nathani alimwambia Majitu yana kistari kwenye kazi zote isipokuwa kupigana, naye akajibu kwamba yeye hajui kusoma vistari. Akaruhusiwa. Jitu lile lilikuwa na urefu wa minara miwili ya kanisa, vidole kama mashina ya migomba, na kila lilipokwenda kufunga kidonda mgonjwa alikimbia na kidonda chake. Nathani alimuuliza, sasa utafanyaje? Adela akafikiri, akasema Jitu litakaa chini mbali, na kuimba wimbo wa Shule ya Jumapili mpaka wagonjwa wazoee. Alitupa dadu. Kumi na nane. Wagonjwa wakarudi. Baada ya hapo kila mji tuliofika ilitubidi tusubiri Adela aimbe beti zote tatu.

Nathani aliweka sharti moja kwa waliochagua penye kistari. Ruhusa unayo, alisema, lakini utalipa. Yusto akifika kwenye lango la mji anafunguliwa, maana kila mtu anamjua Mrefu mpiganaji. Mimi nikifika, lazima nithibitishe. Mlinzi anauliza, Mfupi gani anabeba vitabu? Umeiba wapi? Na hata kama nimethibitisha mji wa jana, mji wa leo unaanza upya. Nilitupa dadu kwenye malango hadi vidole vikachoka. Nilinung'unika. Nathani akaniambia kwa upole, "Kemi, ningekufungulia bure ningekudanganya." Nilikuwa mtoto, nilidhani anazungumzia mchezo peke yake.

Kwa kuwa daftari lilikuwa moja na mwandiko wake ulikuwa umeanza kutetemeka, mimi ndiye niliyekuwa karani wa Adela na wangu mwenyewe. Nilichokisoma maishani mwangu nimekisoma humo. Alinisahihisha kwa wino mwekundu. Jina, kabila, kazi, na chini yake hadithi ya namna mtu wako alivyofika hapo alipo. Ndiyo maana nikisema nina elimu ya darasa la tano sisemi kweli yote. Nina darasa la tano na masika moja.

Mvua zilipoanza kupungua na kahawa za kwanza kuwa nyekundu, aliacha kutupa dadu mwenyewe, tukawa tunamtupia. Wakati huo ndipo alipoanza kufikiri kuhusu kibanja. Hakuoa, hakuwa na mtoto. Akifa, ukoo utamchagua mrithi, yule tunayemwita omusika, naye anakalishwa kwenye kiti cha marehemu na kukabidhiwa mundu wake mbele ya watu wote. Omusika ni mwanamume. Msichana hawekwi, maana ataolewa na kuhamisha ardhi ya ukoo kwenda kwa watu wengine, ndivyo walivyosema. Na mwanamume wa karibu kuliko wote alikuwa Ta Kaijage, mwenye kibanja chake tayari na wana watatu. Bibi alijua, nami nilijua. Kaijage akipewa, mimi na Adela tutatoka na blanketi letu.

Siku moja nilikuwa namkanda Nathani miguu, Bibi akaingia na kukaa kwenye majani karibu na kitanda.

"Mwanangu, niache nikamue lubisi," akasema. Lubisi ni pombe yetu ya ndizi, na neno zito la ukoo kwetu husemwa kibuyu kikiwa katikati. "Nikamue, waje, wanywe, wakuone ulivyo. Uwaambie kwa kinywa chako kwamba hapa pabaki kwa watoto hawa."

"Mama, maneno ya pombe huisha na pombe. Nitaandika. Karatasi haisahau."

"Karatasi haina macho, Nathani. Haiwezi kumtazama mtu mpaka aone haya."

Hakumsikia. Hilo ndilo kosa lake, na nalitaja ingawa nilimpenda kuliko baba yangu mzazi. Lilikuwa kosa la nshomile. Mtu aliyeshinda dunia kwa karatasi aliamini karatasi itashinda na nyumbani. Alichukua lile daftari, maana jingine halikuwepo, akafungua ukurasa wa mwisho na kuandika kwamba kibanja na nyumba anamwachia Kemilembe, binti wa marehemu kaka yake, awe omusika wake, amtunze bibi yake na mdogo wake. Akatia sahihi. Bibi akaweka dole gumba lililopakwa wino. Halafu Nathani akamwita Yusto, akamwambia aweke sahihi kama shahidi. Nilimuuliza baadaye kwa nini Yusto, mtoto. Akasema, "Kaijage anaweza kukana maneno yangu. Hawezi kumkana mwanawe." Aliona ni akili nyingi hiyo. Yusto aliandika jina lake polepole, ulimi nje, akanitazama na kusema, "Haya, Mfupi, umepata mlima."

Nathani alikufa siku tano baadaye, asubuhi, nikiwa nimekwenda kukata majani. Nilirudi na mzigo kichwani nikaona wanawake wamesimama uani, nikajua mzigo ule hautoshi.

Penye wengi hapaharibiki neno, husema Waswahili. Wangekuja kwenye kikao chetu wangetafuta methali nyingine. Matanga yalipoanuliwa, wanaume wa ukoo walikaa sebuleni, vibuyu viwili vya lubisi katikati, Ta Rwechungura kama mwenyekiti. Wanawake walikuwa nyuma, na mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na Adela amenishika sketi. Bibi alitoa daftari, akalikabidhi kwa mikono miwili. Rwechungura hakujua kusoma vizuri bila miwani, na miwani hakuwa nayo. Ta Kaijage akasema, mpeni Yusto, anasoma kama redio.

Hapo ndipo nilipomwona mtu mwovu anavyofanya kazi kwa utulivu. Bibi alisema, "Ukurasa wa mwisho." Kaijage akasema, "Kitabu huanzwa mwanzo, mama. Tusimkosee marehemu." Akamwambia Yusto asome tangu ukurasa wa kwanza, kila neno.

Yusto akasoma. Yusto, Mrefu wa Msitu, mpiganaji. Wazee wakatazamana. Adela, Jitu, mganga. Mmoja akacheka, akafunika mdomo. Kemilembe, Mfupi wa Mlima, mjuzi, amepitia lango la tatu kwa kumi na nne. Mzee mwingine akauliza huyu Nathani alikuwa na homa ya kichwa? Kaijage akamwaga mfuko wa dadu juu ya majani, na Rwechungura akazisogeza kwa ncha ya fimbo, hakutaka kuzigusa. Kurasa zilisomwa zote. Kulikuwa na kicheko kilichoanza kwa aibu kikaishia kwa furaha, watu walikuwa wamelia siku nyingi. Sauti ya Yusto ilikuwa ileile, haikupanda wala kushuka, hadi akafika mwisho. Kemilembe, binti wa kaka yangu, omusika.

Walicheka na hapo pia.

"Ngojeni," Bibi akasema. "Hilo si la mchezo. Yusto alikuwepo. Muulizeni."

Rwechungura akamgeukia. "Kijana, hii hapa ni sahihi yako?"

"Ndiyo, waitu." Ndivyo tunavyomjibu mkubwa kwa heshima.

"Na huku mbele, jina lako uliliandika wewe?"

"Ndiyo, waitu."

"Sasa tuambie. Ukurasa huu ni mchezo kama zile, au ni neno la baba yako mdogo?"

Yusto alijua. Duniani palikuwa na watu watatu walio hai waliojua, Bibi, mimi na yeye, na katika hao watatu mwanamume alikuwa yeye. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba yake. Kaijage hakumkonyeza wala kumtisha, alikuwa anapangusa kikombe chake kwa kidole.

"Ni mchezo uleule," Yusto akasema.

Nami nilinyamaza. Msichana hasemi kwenye kikao cha ukoo, nilifundishwa, nikatii. Malango mangapi nilikuwa nimesimama na kujieleza, halafu kwenye lile moja la kweli nikaficha mdomo nyuma ya kichwa cha Adela. Najitaja na mimi. Sitaki mtu aseme nimewataja wengine nikajiruka.

Kaijage alikalishwa kwenye kiti jioni ileile. Mwaka ulipogeuka Bibi akafa, na wiki ya pili mke wa Kaijage akatuambia chumba kinatakiwa kuwekwa kahawa. Tulishuka ziwani, rafiki wa baba akatuvusha hadi Bumbire, nikaanza kuanika dagaa kwenye mchanga nikiwa na miaka kumi na miwili. Kambini kulikuwa na watu wa kila mahali, wavuvi wenye fedha ya siku moja, na mtoto wa kike asiye na kwao alikuwa kitu cha kuokota. Sitaeleza. Adela alikufa huko kwa kuhara, kipindupindu kilipopita kambini, boti ya kwenda hospitali ikasubiri upepo utulie. Alikuwa na miaka minane. Waliandika kipindupindu. Mimi naandika Kaijage, Rwechungura na Yusto, na mkiona nimezidisha, mnieleze mtoto yule angekuwa anafanya nini kisiwani kama kwao kungekuwa kwake.

Nimeishi. Sijui kwa nini mimi. Niliwahi kupimwa mara tatu nikiamini mashine imekosea. Sasa nina meza ya dagaa sokoni Bukoba na chumba Miembeni, na magoti yangu yanajua mvua kabla ya redio. Vijana wa siku hizi wanameza vidonge asubuhi wanakwenda kazini, wananenepa, wanaoa. Nathani angemeza vidonge hivyo angekuwa mzee mwenye kitambi sasa, anatusumbua na hadithi za theluji. Nawafurahia hao vijana. Nawaonea na wivu, kwa niaba ya wafu wangu.

Mwaka jana Yusto alikuja mezani kwangu. Nilimtambua kwa shingo, ile shingo ndefu, ila sasa ilikuwa imeinama. Alikuwa mzee wa kanisa, koti, kalamu mfukoni. Alinunua visado viwili vya dagaa bila kupunguziwa bei, nikajua ana shida.

"Dada Kemi," akasema, "mimi Mungu amenipa mabinti watupu."

"Hongera."

"Mkubwa anaitwa Jeska. Amesomea kilimo, amerudi nyumbani, analima kile kibanja cha baba mdogo vizuri kuliko mimi. Nataka kumwandika. Wadogo zangu wanasema haijawahi kutokea kwenye ukoo wetu, msichana kuwa omusika." Akashika dagaa mmoja, akamrudisha. "Nimesema iliwahi. Wakaniambia lete shahidi."

Mteja mmoja alikuja akaondoka. Nikamwambia, "Nikija nitasema yote. Kama ukurasa ule haukuwa mchezo, kibanja hukuwa nacho wewe cha kumpa mtu."

"Najua. Njoo uyaseme," akasema. "Kazi ya kuyanyamazia imenichosha."

Nilikwenda. Sebule ilikuwa na vigae, majani hakuna. Wanawake walikaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wanaume, na nilipewa soda na kiti cha mbele. Nikasimama, nikaweka soda chini ya kiti. Nikasema Nathani aliandika nini, nani aliweka dole gumba, nani aliulizwa na alijibu nini. Nikamtaja Kaijage aliye kaburini, nikamtaja Rwechungura, nikamtaja Yusto akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Nikasema kwamba Adela alikuwa na miaka minane. Yusto akasimama akasema ni kweli, akakaa.

Nilikuwa nimejiandaa miaka zaidi ya thelathini kwa kelele zitakazofuata. Hazikuwepo. Wadogo zake walikuwa wanatazama saa, wana usafiri wa kurudi Mwanza. Migomba nusu imekufa kwa mnyauko, kahawa bei haieleweki, watoto wao wako Dar es Salaam na hawataki hata kusikia neno kibanja. Mwenyekiti, kijana mwenye tai, akasema, "Tunakushukuru sana, Ma Kemi, kwa historia. Hayo yalikuwa ya zamani zile. Basi, nani anapinga Jeska?" Hakuna aliyepinga. Dakika kumi hazikufika. Lile lililotutoa nyumbani na kumzika Adela mchangani lilipita kama kipengele cha mengineyo, kwa kuwa hakuna tena aliyelitaka. Wakaleta chakula, nikala, nilikuwa na njaa.

Baada ya kula Jeska alinifuata. Msichana mfupi, mabuti yana tope, hakuwa na maneno mengi. Hakuniomba msamaha wa mtu yeyote, na nilimshukuru kwa hilo. Alinipeleka shambani kupitia nyuma ya jiko, tukasimama mahali migomba ilipokuwa na majani ya njano yaliyolala. Akasema ugonjwa umeanzia bondeni unapanda, lazima ang'oe na kuchoma, ila hajui babu wa zamani alipanda wapi mbegu ya kwanza, ile isiyopaswa kuguswa mpaka mwisho.

"Shangazi, wewe ungeanza wapi?"

Katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza neno juu ya kile kibanja. Shina la babu, Bibi alinionyesha mwenyewe. Nikamwonyesha.